Msaidizi Aliyeidhinishwa

Sina uvumilivu na watu wanaoniongelesha kwa kupiga kelele. Mimi ni kipofu, masikio yangu ni mazima, na hata viziwi ninaowafahamu kelele haziwasaidii kitu. Katibu wa ile kamati alikuwa mtu wa namna hiyo. Siku ya kwanza nilipoingia ukumbini, mjini Arua, kaskazini mwa Uganda, alinikamata mkono juu ya kiwiko, akanisukuma kama toroli mpaka kwenye kiti, kisha akaniinamia sikioni na kupaza sauti: "Madam, karibu sana! Hapa iko kiti!" Kiti chenyewe nilikuwa nimeshakigonga kwa goti.

Nilikubali kuingia katika kamati ile kwa sababu moja tu. Kwa miaka sita nimefundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi huko Dranya, upande wa Koboko, ingawa kwetu hasa ni Pajulu. Cheti cha ualimu ninacho, nilikipata kwa jasho langu kwa maandishi ya nukta nundu, lakini jina langu halimo katika orodha ya walimu wa serikali. Mimi ni mwalimu wa wazazi. Wananiletea mihogo na ufuta, nami nafundisha watoto wao kuhesabu. Zamani nafasi za serikali zilipotangazwa mtu alipeleka karatasi ofisini. Sasa mambo yote yako kwenye tovuti.

Mara ya mwisho nafasi zilipotangazwa niliifungua tovuti hiyo kwa simu yangu. Simu yangu inasema. Kila kilichoandikwa kwenye kioo inanisomea sikioni, nami naandika kwa kupapasa. Nasoma habari humo, nawasiliana na ndugu zangu humo, hata Biblia nasoma humo. Ilipofika kwenye fomu ya kuomba kazi ikaniambia: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Aliyeitengeneza fomu hakujisumbua kuvipa vitufe vyake majina. Nilibahatisha kwa siku mbili. Nikafika mahali panapotaka mtu athibitishe kwamba yeye ni binadamu kwa kuchagua picha zote zenye taa za barabarani. Dranya hatuna taa za barabarani hata kwa wenye macho. Muda ukaisha nikiwa bado sijathibitika kuwa binadamu.

Mwalimu mkuu hakuwa mbaya, ila alinieleza jambo waziwazi. "Madam, mimi hapana kataa wewe," alisema. "Lakini kama serikali natuma mutu wa darasa la tatu, mimi naweka yeye wapi?" Maana yake ilikuwa kwamba nafasi zikitangazwa tena na jina langu likakosekana, darasa si langu tena. Nilirudi chumbani kwangu nikalia kwa hasira, si kwa huzuni.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Arua na Koboko zinaunda kamati ya pamoja ya kuandika sera ya mambo ya kidijitali kwa watu wenye ulemavu, nilijipeleka mwenyewe. Nilitaka sentensi moja tu iingie humo. Nilitaka iandikwe kwamba fomu ya umma itengenezwe ili mtu mwenye ulemavu aweze kuijaza mwenyewe, na kama haijawa hivyo isifunguliwe kwa mtu yeyote. Nilijua kwamba wenye macho wakizuiliwa wiki moja tu, vitufe vitapewa majina siku hiyohiyo.

Tulikuwa watu kumi na wawili katika kamati. Kumi walikuwa maofisa. Wawili tuliobaki ndio tuliokuwa tukiandikiwa sera: mimi, na fundi cherehani mmoja kiziwi aliyekimbia vita Sudan Kusini, akawa anashona sare za shule kando ya barabara mjini Koboko. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua masikio akiwa ameshajua kusoma na kuandika. Mkalimani wa lugha ya alama hawakumletea hata siku moja. Walimweka pembeni karibu na birika, wakampa chai na sambusa, wakaendelea na kikao.

Saa ya mapumziko ya siku ile ya kwanza nilihisi mtu ananigusa bega taratibu. Akaichukua simu yangu kutoka mkononi, akaingiza namba yake, akajipigia ili aipate yangu, akairudisha. Punde ujumbe ukaingia na simu ikanisomea: "Mimi fundi wa Koboko. Mimi hapana sikia, wewe hapana ona. Hawa watu nasema nini tangu asubuhi?" Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Toka siku hiyo nikawa namwandikia yanayosemwa, naye ananiandikia yanayoonyeshwa ukutani. Maofisa walidhani tunacheza. "Madam, simu baadaye," katibu alinikaripia mara tatu kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe, na mara zote tatu nilijifanya hamnazo.

Sentensi yangu ikaingia. Ikawa kifungu cha sita. Waliikubali haraka mno, wakanivika kilemba cha ukoka, wakasema madam ana akili, madam ametufungua macho. Mtu mmoja akapiga makofi. Mimi nimezoea kunyimwa, najua kunyimwa kunavyosikika, na hapo sikukusikia. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Baada ya wiki tatu katibu alitutumia rasimu kwa simu. Niliketi mlangoni pangu Dranya, nikabonyeza, simu ikasema: "Picha." Nikapapasa tena. "Picha." Kurasa kumi na nane, picha kumi na nane, na simu haina cha kunisomea kwenye picha.

Jambo hili lina mila yake. Katika ofisi zetu karatasi haina uhai mpaka ipigwe muhuri. Wanaandika kwenye kompyuta vizuri kabisa, maandishi ambayo simu yangu ingeyasoma bila kujikwaa. Kisha wanachapa, wanapiga muhuri wa mviringo kila ukurasa, wanatia sahihi juu ya muhuri, wanalaza karatasi mezani na kuipiga picha kwa simu, na picha hiyo ndiyo wanayotuma. Kadiri jambo linavyokuwa kubwa ndivyo mihuri inavyozidi. Sera inayosema maandishi ya ofisi yasomeke na kila mtu ilikuwa jambo kubwa, basi waliihakikishia mihuri ya kutosha mpaka hakuna kipofu ambaye angeweza kuisoma.

Nilimpigia katibu. Nikamwomba anitumie ile ya kwenye kompyuta.

"Ile hapana stampu, madam," alisema. "Bila stampu, mutu anaamini namna gani?"

"Siombi kuiamini, bwana katibu. Naomba kuisoma."

"Kwani nyumbani hapana mutu ya kusomea wewe?"

Nilikata simu. Ningeendelea ningemtukana, na matusi ya kwetu Pajulu hayarudishiki mdomoni. Nikamwandikia fundi. Jioni zikaanza kuingia kurasa, moja baada ya nyingine. Alikuwa akinakili Kiingereza chao neno kwa neno, herufi kwa herufi, kati ya kaptula na kaptula, kwani muhula ulikuwa unafunguliwa na wateja walikuwa wamemsimamia mlangoni. Ilimchukua siku nne. Nilimwandikia asante akanijibu kwamba mkono wake umezoea kazi ndogondogo.

Siku ya tatu, nikiwa nachambua maharage, ukaja ukurasa wa kumi na moja. Kabla ya kunakili aliniandikia kwanza: "Mwalimu, hii ya sita wamebadilisha." Kisha maneno yenyewe. Mtu mwenye ulemavu atajaziwa fomu na msaidizi aliyeidhinishwa na ofisi, na msaidizi huyo ataandika yale aliyoyahakikisha mwenyewe. Hapakuwa na neno "mwenyewe" lililonihusu mimi. Lile moja lililobaki walimpa msaidizi. Niliuweka ungo chini na maharage yakamwagika, nikayaacha.

Kikao cha kupitisha sera kilifanyika Koboko. Mlangoni palikuwa na daftari la mahudhurio. Karani aliniwekea rula chini ya mstari, nikatia sahihi yangu, fundi naye akatia yake nyuma yangu. Nilikaa, nikangoja wamalize sala na kushukuriana, kisha nikasimama kabla ya kupewa nafasi. Nilisema kwamba kifungu cha sita sicho tulichokipitisha, na kwamba nataka cha zamani kirudi.

Katibu alikuwa tayari. "Madam, msaidizi ni heshima. Hata minister iko na msaidizi."

"Waziri humwambia msaidizi wake la kufanya," nikamjibu. "Huyu wenu ndiye atakayeniambia mimi."

Ofisa mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye forodha ya Vurra akataka kutupatanisha. Alisema mpakani hata dereva wa lori, mtu wa macho mawili, anajaziwa fomu na ejenti, na halalamiki. Kwa nini mimi nione aibu?

"Dereva ejenti wake akimharibia, anamwacha na kushika mwingine," nilisema. "Mimi nitamshika nani, wakati mmeniidhinishia mmoja?"

Nilisikia vijiko vikikoroga vikombe, watu kumi wakikoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka. Kisha katibu akasema, kwa upole wa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba maoni yangu yameandikwa. Alipopitisha karatasi ya kukubali sera niliisukuma mezani bila kuitia sahihi, na fundi, aliyekuwa amesoma kila kitu kwenye simu yake, akaisukuma vilevile. Tukatoka wote wawili kabla ya chakula, mimi nimemshika begani. Niliwachukia watu wale siku ile. Sitasema vinginevyo ili nionekane mwema.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nafua nguo redio ikatangaza kwamba sera imepitishwa kwa kauli moja, na wawakilishi wa watu wenye ulemavu nao wameridhia kwa sahihi zao. Nikadhani mtangazaji ametia chumvi. Nikamwandikia fundi aende ofisini Koboko akaangalie nakala iliyobandikwa ukutani. Jibu lake lilikuja upesi: "Ukurasa ya mwisho ni ile daftari ya mlango. Kichwa yake wamekata. Jina yako iko, sahihi iko. Yangu pia iko. Stampu iko juu."

Ndivyo nilivyoridhia. Walichukua sahihi niliyoitoa ili nihesabiwe kuwa nimefika, wakaikata kichwa, wakaibandika kwenye jambo nililolikataa mbele yao. Sidhani hata kama walijiona waovu. Kwao sahihi ni sahihi, na mtu akishaandika jina lake katika jengo lao amekubali yote yatakayosemwa humo.

Kisha nafasi za ualimu zikatangazwa. Tovuti ilikuwa ileile. Niliifungua nikapokelewa na "Kitufe" kama kawaida. Kitu kipya, fundi alinieleza, kilikuwa tangazo lililowekwa juu kabisa, kwa picha, kwamba watu wenye ulemavu waende kwenye meza ya msaidizi. Nilipanda bodaboda mpaka Koboko asubuhi. Fundi alifunga kibanda akanisindikiza, ingawa sare zilikuwa bado hazijaisha.

Meza ilikuwa katika chumba kidogo mwishoni mwa veranda. Mbele yangu walikuwepo wawili, nyuma yangu mzee mmoja wa magongo. Msaidizi aliyeidhinishwa alikuwa mama wa makamo mwenye bangili nyingi. Kila alipoandika zilikuwa zinagonga meza. Zamu yangu ilipofika alianza kunisomea maswali kwa sauti ya sokoni, na veranda yote ikapata kujua mwaka niliozaliwa na nilivyopofuka.

"Bwana iko?"

"Hayuko."

"Alikufa ama aliondoka?"

"Fomu inauliza hivyo, mama?"

"Hapana. Mimi nauliza tu."

Watu wakacheka. Nilimeza. Nilijiambia nimeze yote, darasa la tatu lina watoto wanaonijua kwa hatua zangu, na mwalimu mkuu alishasema safari hii hakuna nyingine. Tukaendelea na cheti, shule, miaka. Kisha nikasikia bangili zikigonga mara moja, pasipo swali.

"Hapo umebonyeza nini, mama?"

"Hiyo hapana sumbua wewe. Jibu yake mimi najua."

"Nisomee."

Akashusha pumzi ndefu kwa kuchoshwa. "Inasema, unaweza fanya kazi bila msaada? Mimi naweka hapana."

"Kwa nini hapana?"

Hapo alicheka, wala hakuwa na ubaya katika kicheko chake. Alikuwa amenishangaa kweli. "Madam! Si mimi hapa nasaidia wewe?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwamba fomu ndiyo iliyokataa kusomeka, kwamba nimefundisha miaka sita peke yangu darasani, kwamba jibu hilo ndilo litakalolitupa jina langu kabla mtu hajalisoma lote. Nilimwomba abadilishe. Nilimwomba mara ya pili, na mara ya pili sauti yangu ilitetemeka, jambo ambalo bado linaniudhi. Alisema sera inamwamuru aandike alichokihakikisha mwenyewe, naye amehakikisha kwa macho yake kwamba nasaidiwa. Alikuwa anasoma kifungu cha sita vizuri kabisa.

"Inabaki tu kutuma," alisema. Kisha kiti kikaburuzwa. "Saa saba imefika. Mimi naenda kula. Nikirudi natuma, halafu unaenda nyumbani kwako pole pole."

Bangili zikapita karibu yangu, zikaenda na veranda, zikapotea upande wa hoteli. Mashine ilikuwa bado inavuma juu ya meza. Nilitoa simu nikamwandikia fundi kila neno alilosema, vidole vikikosea herufi.

Nilisikia viatu vyake vikizunguka meza. Akasoma kioo. Ujumbe ukaingia: "Form iko wazi. Hapana imewekwa alama. Ndiyo iko chini yake. Lakini kompyuta ya ofisi, mwalimu. Wanaweza shika sisi."

Nikamwandikia kwamba wameshatushika.

Mzee wa magongo, ambaye alikuwa amesikia yote pamoja na mambo ya bwana wangu, aliinuka. Alijiburuza mpaka mlangoni, akausukuma ukajifunga, akauegemea kwa gongo lake. Fundi akanishika kifundo cha mkono, akanizungusha meza, akaniketisha katika kiti cha yule mama. Kilikuwa bado na joto. Akakichukua kidole changu cha shahada, kidole chake kikiwa kigumu kwa miaka ya sindano, akakiweka juu ya kipanya. Nilingoja akikandamize. Maisha yangu yote watu wamekandamiza vidole vyangu: kwenye wino wa kura, kwenye mashine ya kitambulisho.

Akauachia mkono wangu. Simu ikatetemeka mapajani, ikanisomea sikioni: "Mshale iko juu ya ndiyo. Nabonyeza mimi ama wewe?"

Ilinibidi niinue kidole kutoka kwenye kipanya ili nimjibu. Nikaandika neno moja, "Mimi," nikalituma, nikarudisha kidole mahali pake nikabonyeza. Alinisogezea mshale mpaka kwenye kutuma, akauachia tena mkono wangu, nikabonyeza tena.

Mzee akauliza kama tumemaliza, nikamwambia tumemaliza, akaufungua mlango. Fundi alinigusa bega kuniashiria twende. Sikuinuka. Nilikaa palepale kwenye kiti cha msaidizi aliyeidhinishwa, mikono juu ya meza yake, nikizisikiliza bangili zikirudi kwenye veranda.